Kiti cha Ukoo Wetu Kiligeuzwa Choo!

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, naishi Didia, na ndoa yangu niliivunja mwenyewe. Nisikilizeni kwanza kabla hamjanilaumu.

Baba yangu alikuwa na kiti alichorithi kwa babu yake. Gogo moja la mninga, hakina msumari wala gundi, na kwenye egemeo imechongwa sura ya bibi mzaa ukoo. Kwetu hiyo si fanicha! Anayekikalia ndiye mkubwa wa nyumba, na baada ya baba angekikalia mdogo wangu Masanja.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, vyombo vilipakiwa ovyo kwenye lori... kiti kikapotea! Mume wangu, Baba Kulwa, seremala mjini Shinyanga, akaapa mbele ya ukoo kwamba alimwona Masanja akikiuza. Masanja alilia, akakana. Nani amsikilize? Baba, ambaye macho yake yalishaingia giza, akamfukuza. Mdogo wangu akaenda zake Geita kuchimba dhahabu.

Baadaye bosi wa mume wangu akavunjika nyonga, nikaenda kumpa pole. Mkewe akanikaribisha hadi chumbani... Mungu wangu! Kiti chetu kimetobolewa katikati, ndoo ya kinyesi chini yake, na nzi wamejaa usoni kwa bibi yetu!

"Mumeo fundi kweli, Mama Kulwa," yule mama akanisifia. "Alituletea zawadi kiti hiki, na juzi kakitoboa mwenyewe ili mgonjwa asipate tabu."

Kumbe ndivyo bosi alivyompandisha cheo kuwa msimamizi wa mafundi! Mwanamume mzima, kashika msumeno, kakata walipokalia wazee wangu, kisha jioni kaja kumega ugali wangu kwa mikono ileile. Ptuu! Nilitapika uani kwa watu.

Nilikichukua bila kuomba ruhusa, nikakisugua kwa majivu, nikampelekea baba. Akapapasa egemeo, akacheka kwa furaha. Mkono ukashuka, ukazama tunduni.

"Mayu, mwanangu, mdudu gani kakitafuna?"

"Mkweo, baba."

Akaagiza Masanja aitwe upesi. Waliokuja ni wachimbaji wenzake, wamebeba shati lake tu... Shimo lilikuwa limemfukia, na mwili haukupatikana.

Mume nilimwacha. Juzi katuma watu eti nirudi, kiti ni mti tu! Hana hata haya!

Wasomaji wenzangu, nawasihi, kitu kikipotea nyumbani msimfukuze mtoto kwa kiapo cha mtu. Mchunguzeni kwanza huyo anayenyoosha kidole. Baba yangu alimwamini mkwe akamkataa mwanawe, na leo hana hata kaburi la kwenda kumwomba msamaha!