Redio na Makala Iliyosomwa Nusu

Kila Jumamosi Redio aliwatoa mbuzi wa baba yake alfajiri, akawachunga kwenye shamba la mtama lililokwisha kuvunwa, na saa tatu akawarudisha zizini. Watoto wote wa mtaa walifanya hivyo. Mtama ukishavunwa, shamba huwa la mbuzi wa kila mtu.

Jina la Redio alipewa na mama yake, kwa sababu mtoto yule akishawaka hazimiki. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na habari iliyomfikia saa moja, kufika saa mbili ilikuwa imeshafika bombani, sokoni na darasa la sita.

Jumamosi ile mbuzi wanne hawakufika hata zizini. Walianguka njiani, miguu imekakamaa, mapovu mdomoni. Mmoja alijirusharusha na kujigonga kichwa kwenye ukuta mpaka damu ikamtoka puani. Baba alimshika pembe, akapiga magoti kando yake, lakini mbuzi alitetemeka mara mbili, akakata roho. Wiki ile mtaa mzima ulikuwa umepoteza mbuzi kumi na tisa.

"Kuna mtu anatumaliza," baba alisema, huku akifuta damu mikononi. "Nikimjua, nami nitammaliza."

Kaka yake Redio, aliyekuwa likizo kutoka chuo kikuu, alikuwa ameondoka asubuhi kumtafuta bwana mifugo. Kompyuta yake ilikuwa mezani. Redio aliifungua, akaandika: mbuzi kufa ghafla mapovu. Ikatokea makala ya jarida la wataalamu wa mifugo. Alisoma:

"Mbuzi thelathini na mmoja walikufa ghafla karibu na kiwanda kidogo cha ngozi. Wafugaji walishuku maji machafu ya ngozi. Uchunguzi wetu ulionyesha…"

Hapo maneno yakakatika. Chini palikuwa na picha ya kufuli na maandishi: Kusoma makala yote, ingia kupitia maktaba ya chuo chako.

Redio hakuwa na chuo. Alikuwa na mdomo.

"Baba! Baba we! Ni maji ya ngozi! Nimeona kwenye jarida la wataalamu, wamethibitisha!"

Neno "wamethibitisha" halikuwemo kwenye makala. Lilimtoka tu, kwa utamu wa kusikilizwa.

Kule bondeni aliishi mtu mmoja tu aliyetengeneza ngozi. Watu walimwita Fundi Ngozi. Alikuwa mpole, ananuka dawa za ngozi siku zote, na binti yake Kidoti alikaa dawati moja na Redio. Kabla Redio hajamaliza kuwaza hayo, baba alishachukua mpini wa jembe, na muuza nyama wa jirani alishaita wenzake.

Walishuka bondeni kama nyuki waliochokozwa. Walipindua mapipa, maji ya kahawia yakamwagika hadi mlangoni. Walirundika ngozi, wakazitia moto. Fundi Ngozi alitoka mikono juu.

"Jamani, niulizeni kwanza! Niulizeni!"

"Mbuzi wetu waliulizwa?" alifoka muuza nyama, akampiga teke la tumbo.

Fundi alianguka. Alipoinua mkono kujikinga, mpini wa baba ukashuka. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Jiwe lililorushwa kutoka nyuma lilimpata Kidoti juu ya jicho, damu ikamchuruzika hadi kidevuni. Hakulia. Alimtazama Redio, aliyekuwa amesimama nyuma ya watu.

"Wanasema ni wewe uliyesema."

Redio, kwa mara ya kwanza maishani, aliufunika mdomo wake kwa kiganja.

"Saa kumi tunarudi," muuza nyama alitangaza. "Tukikukuta hapa, tutakuchoma pamoja na nyumba yako."

Kaka alirudi saa nane, peke yake. Bwana mifugo alikuwa safarini. Aliposikia yaliyotokea, alimshika Redio bega.

"Nionyeshe hiyo makala." Aliisoma mara moja tu, akageuka. "Umeisoma yote?"

"Nimesoma… mwanzo."

"Mwanzo! Mtu amevunjwa mkono kwa sababu ya mwanzo! Huu ni muhtasari, tena umekatwa. Walisema wafugaji walishuku. Mimi nikikushuku wewe mwizi, umeshaiba?"

Redio alianza kulia. Kaka hakumbembeleza, aliketi akaanza kazi. Alinakili kichwa cha makala, majina ya waandishi na mwaka. Akafungua ukurasa wa maktaba ya chuo chake, akaingiza namba yake ya usajili na nywila. Akatafuta jarida. Lilikuwepo, ila maktaba ilikuwa na matoleo ya zamani tu. Toleo la mwaka ule lilikuwa bado na kufuli.

Saa iligonga tisa. Nje walisikika wanaume wakicheka, na harufu ya mafuta ya taa ikaingia dirishani. Kaka akampigia simu mkutubi.

"Dada, nahitaji makala sasa hivi, watu watamuua mtu!"

"Punguza sauti, mdogo wangu. Kelele haifungui kufuli," mkutubi alijibu. "Nitajie kichwa, jarida na mwaka. Polepole."

Kaka alitaja. Vidole vya mkutubi vilisikika vikigonga vibonyezo.

"Jarida hatujalipia mwaka huo. Subiri nitazame kwa waandishi wenyewe… Haya. Mmoja wao ameweka nakala huru kwenye maktaba ya chuo chake. Hata wewe ungeipata bila nywila, ungeuliza tu. Nimeshakutumia kwa barua pepe. Na uisome mpaka mwisho, umesikia?"

Walisoma wote wawili, shavu kwa shavu. Ukurasa wa tano, maji ya ngozi yalipimwa, hayakuwa na sumu ya kuua mbuzi. Ukurasa wa saba, matumbo ya mbuzi wote yalikutwa na kitu kimoja: machipukizi ya mtama uliovunwa. Mvua ikinyesha baada ya ukame, mashina ya mtama huchipua upya, na machipukizi hayo machanga yana sumu inayoua mbuzi upesi.

Redio alishika kichwa. Mvua ilikuwa imenyesha Jumapili iliyopita.

Kaka alimbeba begani mmoja wa mbuzi waliokufa asubuhi, wakakimbilia bondeni, wakawakuta watu wameshaizunguka nyumba ya Fundi Ngozi. Muuza nyama alikuwa na kiberiti mkononi. Redio alijipenyeza hadi mbele.

"Nilidanganya!" alipiga kelele. "Sikusoma yote! Nilisema wamethibitisha, na hawakuthibitisha!"

Muuza nyama alimzaba kofi, Redio akaanguka chali. Mdomo ulijaa ladha ya chumvi. Akainuka, akasema tena yale yale.

"Mwacheni mtoto aseme," ilisikika sauti. Ilikuwa ya baba.

Kaka alimtupa chini yule mbuzi, akampasua tumbo kwa kisu. Uvundo ukawarudisha watu nyuma. Ndani, katikati ya majani yaliyotafunwa, yalionekana machipukizi mabichi ya mtama, mengi, hata hayajasagika.

"Makala yenyewe inasema sumu ni haya, si maji ya ngozi," kaka alisema. Kiberiti kilirudi mfukoni. Baba aliutazama mpini wake, akautupa. Kisha akaingia ndani, akambeba Fundi Ngozi, aliyeshindwa hata kusimama, mgongoni hadi zahanati, bila kupumzika njiani. Kutoka hapo alikwenda mwenyewe kituo cha polisi kueleza alichofanya.

Jioni ile shamba la mtama lilizungushiwa miiba, na tangu siku hiyo hakufa mbuzi mwingine.

Siku ya pili Redio alikwenda zahanati, mdomo umevimba. Fundi Ngozi alikuwa amelala, mkono umefungwa hogo la plasta. Kidoti aliketi kando yake na bandeji juu ya jicho. Hakumsalimu Redio, lakini alisogea kidogo kwenye benchi.

"Nisamehe, baba mkubwa," Redio alisema. "Nisamehe, Kidoti. Niwafanyie nini?"

Fundi Ngozi alimgeuzia uso.

"Mwanangu, anayesoma nusu akasimulia yote, ile nusu nyingine ameitunga mwenyewe. Mkono wangu haukuvunjwa na makala. Umevunjwa na ile nusu uliyoitunga. Ukikuta mlango umefungwa, tafuta mwenye ufunguo, na kama humpati, sema 'sijui'. 'Sijui' haijawahi kumuua mtu."

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Sasa nenda. Kila mlango uongo wako ulipofika, peleka na ukweli. Na usimtume mtu."

Redio alianza na nyumba ya muuza nyama. Ule uongo ulikuwa umeenea kwa nusu saa tu. Ukweli ulimchukua siku tatu, kwa miguu, mlango kwa mlango, mpaka mtaa ukaisha.