Mtumbwi Uliosimamishwa Kivukoni

Kila asubuhi kabla ya shule, Stefania na bibi yake, Apolonia, walifukuza ndege kwenye mpunga kando ya kivuko, karibu na Ifakara. Ulikuwa mwaka 1955. Pale kivukoni ndipo askari wa Wajerumani walipomuua baba yake Bibi wakati wa Vita vya Majimaji, pamoja na wanaume wengi wa kijiji.

"Wajerumani wamejengewa makaburi ya saruji," Bibi alisema kwa hasira. "Wetu wameotewa na majani."

Stefania hakupenda kuonewa hata kidogo. Kwa kuwa bondeni hakuna mawe, alichukua mtumbwi wa marehemu babu yake uliotoboka, akachonga: HAPA TULIWASHINDA WAJERUMANI. Rafiki yake Fridolin akamsaidia kuusimamisha.

Kesho yake akaja Jumbe Hermenegildi, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali. Alisoma, akacheka mpaka akashika tumbo.

"Mliwashinda? Mbona basi walitutawala?"

Wapita njia nao wakacheka. Jumbe akaamuru vijana wawili wauangushe. Stefania alirudi nyumbani akilia.

"Bibi, ametutukana."

"Uongo wako ndio uliotutukana. Tulishindwa, mjukuu wangu. Wao walikuwa na bunduki, sisi mikuki na maji ya dawa. Unaona aibu?"

"Naona."

"Mimi sioni. Baba aliwaona wenzake wakianguka, naye akazidi kusonga mbele. Hilo halikukutosha, ukamvika ushindi asioupata?"

Stefania alirudi kivukoni. Akaugeuza mtumbwi, akachonga upande wa pili: HAPA WALIPIGANA. WALISHINDWA. HAWAKUKIMBIA. Safari hii wanawake waliokuwa wakienda shambani waliweka majembe chini, wakausimamisha pamoja naye.

Jumbe alirudi amekasirika. "Nani kawaruhusu?"

Stefania hakurudi nyuma. "Shikamoo, mzee Jumbe. Kama kuna neno la uongo hapo, nionyeshe, nitalifuta mwenyewe."

Jumbe akasoma polepole. Hakucheka.

"Uangusheni," aliwaamuru waliokuwapo.

Hakuna aliyeusogelea.

"Uangushe mwenyewe, Jumbe," alisema Yosefina, jirani yao. "Sisi tunatazama."

Jumbe akausoma tena mtumbwi ule, akageuka, akaenda zake.

Bibi akamshika Stefania bega. "Njia ya mwongo ni fupi. Ulipodanganya, kicheko cha mtu mmoja kilituangusha. Leo umesema kweli, na amri yake imekosa pa kushika. Wazee wetu walishindwa, ndiyo. Sasa yeyote anayetaka kuwacheka, aje asome mpaka mwisho."