Seli Isiyounganishwa

Seli ile haikuwa imeunganishwa na chochote, lakini ilikuwa inagonga.

Fundi wa programu aliongeza sauti ya spika akasikiliza tena. Programu hiyo aliiandika dada yake, mhadhiri wa elimu ya ubongo, kabla fundi mwenyewe hajajua kuwasha kompyuta. Ilikuwa ubongo wa kuigiza: seli tele kwenye skrini, wanafunzi wanazichokoza, watafiti wanazipima, na kila seli ikishtuka spika inatoa tk. Ile ya pembeni kabisa wanafunzi waliibandika jina la Mkiwa, maana haikuwa na ndugu wala jirani. Hakuna aliyeipelekea umeme, kwa hiyo ilipaswa kunyamaza. Nayo ilikuwa inatoa tk, tk, tk, kama ukucha kwenye mlango.

"Kosa la zamani hilo," alijisemea.

Watu wa programu wana ugonjwa mmoja: wakiona kitu kisicho na kazi, mikono inawawasha. Dada yake alimwomba aihuishe tu programu ikubali kompyuta mpya kabla chuo hakijafunguliwa, na akasisitiza kila kitu kibaki kilivyo. Lakini toleo jipya liligoma kuwaka likiwa na seli isiyo na uhusiano. Mwenye busara angeuliza. Yeye alichora mstari mmoja kutoka kwa Mkiwa hadi seli ya jirani, akabonyeza, akaenda kujimiminia chai.

Aliporudi, chumba kilinuka nywele zilizoungua. Aligusa waya moja moja, zote zilikuwa baridi. Kisha spika ikaanza: seli ya jirani, halafu ya pili yake, halafu safu nzima, zote zikigonga mdundo uleule wa Mkiwa.

Dada yake aliusikia mdundo ule, akaingia mbio.

"Umefanya nini?" alinong'ona.

"Nimekaunganisha tu kale kaseli kako, dada. Nako kapate jamaa."

Hakucheka. Alifunga mlango, akauegemea.

"Sikukwambia kwa sababu ungenicheka. Msomi mzima naogopa jini! Unakumbuka tulivyokuwa wadogo, nikiongea kwa sauti ya kiume, mama anakuziba masikio?"

"Mama alisema ni ndoto."

"Haikuwa ndoto. Nilipojipima ubongo wangu nikamwona huyo jini, mdundo mmoja usio wangu. Nikamhamishia kwenye programu, kwenye seli isiyo na mlango."

Fundi aliugeukia ule mstari kwenye skrini. "Nami nimemtobolea mlango."

"Kata huo mstari, mdogo wangu. Upesi, kabla haja..."

Hakumaliza, kwani taa zilififia na ile harufu ikawajaa kooni, na shingo ya dada yake ikapinda taratibu kuelekea begani, na kutoka kwenye kinywa kile kilichomfundisha kusoma ikatoka sauti nzito ya mwanamume, sauti aliyoisikia utotoni kupitia viganja vya mama yake, ikicheka, ikiuliza kama anajua jinsi kulivyo humo ndani, bila mwanga, bila jirani, bila hata ukuta wa kuegemea.

"Mwache dada yangu!" alilia. "Nakusihi, mwache!"

Aliufuta mstari na kulirudisha toleo la zamani. Spika ikanyamaza. Dada yake akaanguka kitini, kisha akafumbua macho, akajipapasa mashavu na mikono kama anayejaribu nguo dukani.

"Ahsante, mdogo wangu," alisema. Ilikuwa sauti yake kabisa.

Fundi alimkumbatia, akalia bila kuona haya. Alikuwa amebaki na dada huyo mmoja tu duniani.

Mkiwa akaanza kugonga tena. Vizuri, aliwaza, jini amerudi kifungoni. Akaongeza sauti ahakikishe, na chini ya ile milio akasikia mtu akipumua.

"Mdogo wangu," ilisema spika. "Huyo uliyemkumbatia si mimi. Amenisukumia humu, akachukua mwili wangu."

Aligeuka. Mwanamke wa kitini alikuwa akitabasamu kwa upole.

"Jini ni mwongo, usimsikilize," alisema. "Futa programu yote, tumalizane naye."

Fundi aliwatazama wote wawili, kama spika inaweza kutazamwa. Jini angetaka kufunguliwa, hilo hata mtoto analijua. Alipeleka kidole kwenye skrini achore ule mstari, aone ni nani atakayefurahi.

"Usiunganishe!" spika ikapiga kelele. "Mwili ni mmoja. Nikirudi mimi, yeye ataingia kwako. Niache humuhumu. Kimbia!"

Hapo akajua dada yake ni yupi. Aliinamia spika, akaikumbatia kwa mikono miwili.

Alipoinua macho kiti kilikuwa kitupu, na nyuma ya mgongo wake ufunguo ulikuwa ukizungushwa mlangoni, taratibu, kwa ndani.