Skana ya Bibi Ardith Ilipokuwa Kiziwi

Uvumi ule ulimganda Twyla tangu Jumapili, kwenye chakula cha kanisani. Watu walisema kaunti inahamishia redio za zimamoto kwenye mfumo wa dijitali, na skana za zamani zitakuwa viziwi. Skana ni redio ndogo ya kunasa mazungumzo ya zimamoto na polisi. Ya Bibi Ardith ilikuwa imekaa kando ya birika la kahawa miaka ishirini, na moto ukizuka malishoni, Bibi ndiye aliyewapigia simu majirani.

"Kesho ukitoka shule pitia kituo cha zimamoto," Bibi alisema. "Uliza kama hii yangu itafaa. Namba ya skana nimekuandikia kwenye karatasi hii."

Twyla alikuwa na miaka kumi na miwili, na Jumatatu ilikuwa siku ya mpira wa kikapu. Karatasi ikabaki mfukoni.

"Wamesemaje?" Bibi aliuliza jioni.

"Wamesema haina shida."

Siku tatu skana haikutoa neno. Bibi akafurahi.

"Wiki ya baraka hii! Hata jirani yetu Delbert hajatumbukiza trekta mtaroni."

"Atatumbukizaje na mguu uliovunjika una plasta?" Twyla alicheka, akaitupia skana jicho. Kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Alhamisi upepo ulivuma tangu asubuhi. Twyla alikuwa ametoka shule, anavua viatu, gari la zimamoto lilipopita mbio likipiga king'ora, kuelekea kwa Delbert, ambako moshi ulikuwa unapanda malishoni. Skana ilikuwa inawaka taa, kimya kama jiwe.

"Bibi, nilikudanganya! Sikwenda kuuliza. Haisikii kitu!"

Bibi hakugomba. Alinyakua simu.

"Delbert, moto unakuja kwako!"

"Moto gani? Kama moto ungekuwepo, si ungenipigia mapema?"

"Nyamaza ujikokote mpaka mlangoni. Nakuja na pikapu!"

Walimtoa yeye na mbwa wake wakati moshi umeshafika uani. Ghala liliteketea. Nyumba, Mungu ni mwema, ilisimama.

Jioni Marlys, mkuu wa zimamoto, aliwakuta jikoni kwa Bibi, uso umejaa masizi.

"Ardith, asante. Sisi tulikuwa tunapambana na moto malishoni, tusingemfikia kwa wakati."

"Nami nashukuru," Delbert alisema, macho yamelowa. "Ingawa kahawa yako bado mbaya."

Twyla alilia, akamwomba Delbert radhi.

"Ukweli wako umeniokoa, binti," Delbert akamjibu. "Ila siku nyingine uuwahishe."

"Namshukuru Mungu kwamba Twyla alisema," Marlys akaongeza. "Lakini Jumatatu ningemjibu kwa dakika moja tu: skana hii haisomi mfumo mpya. Sikiliza, Twyla, uwaambie na wenzako."

Akaandika, wakabandika kwenye friji:

Usiseme umeuliza kama hukuuliza.

Usidhani skana ikinyamaza ndiyo amani.

Usinunue skana kabla ya kuwauliza zimamoto wa kwenu wanatumia mfumo gani. Hata mpya kabisa yaweza isinase.

Usitegemee skana peke yake. Jiandikishe upate tahadhari kwenye simu.

Ukiona moshi, usingoje kupigiwa. Toka.