Karata ya Pembeni

Naapa kwa macho yangu haya mawili, na kama nadanganya yapofuke nikiwa katikati ya barabara: kila neno hapa ni kweli tupu. Sijaongeza hata chumvi ya kuonja. Mimi nachomelea mageti mlango wa pili kutoka pale yalipotokea haya, nimeshanyanyua injini ya lori peke yangu mara mbili, mashahidi wapo, lakini siku ile miguu yangu ilikataa kunibeba.

Pale ni karakana ya kushona nguo. Mkataji wa vitambaa tunamwita Kasino, kwa sababu zamani alifagia ukumbi wa kamari kwenye hoteli moja, akatoka huko na mchezo wote kichwani. Mshona vifungo ni Dada Vifungo, mzito wa kushika jambo, ila akishalishika halitoki. Na mpiga pasi ni Pasi, mume wa dada yangu. Mtu wa utani, halafu bingwa wa usingizi. Akikoroma, mbwa wa mtaa wa tatu wanahamisha watoto.

Siku hizo umeme ulikuwa unakatika mchana. Mashine zikinyamaza, Kasino anasafisha meza ya kukatia na kuwafundisha wenzake karata. Hawakucheza pesa. Walicheza vifungo.

"Kila mtu karata mbili, na unazificha," alisema Kasino. "Halafu nafungua tatu hapa katikati. Hizo ni za wote. Baadaye moja, baadaye moja tena. Jumla tano. Unachukua mbili zako, unachukua za katikati, unatengeneza tano zilizo nzuri kuliko zote."

"Za katikati ni zangu pia?" aliuliza Dada Vifungo.

"Zako, zangu, za Pasi."

"Sasa tukilingana?"

"Dada, hata hatujaanza unataka tulingane. Kila zamu unaweka vifungo. Ukiona zako mbovu, unazitupa, unakaa kimya. Mwenye moyo anaongeza."

Akagawa. Kabla ya kufungua zile tatu, alichukua karata ya juu akaiweka pembeni, imelala kifudifudi. Kabla ya ile ya nne akafanya vilevile. Kabla ya ya tano, vilevile.

"Hizo za pembeni ni za nani?" aliuliza Dada Vifungo.

"Si za mtu yeyote. Ni kuzuia wizi, isije ikawa kuna mtu ameiona ile ya juu. Zinakaa hapo, hazichezwi, hazifunguliwi."

Pasi akacheka. "Haiwezekani karata ikose mwenyewe. Hizo ni za mwenzetu ambaye hajafika." Akavuta stuli tupu mpaka mezani, akaweka kifungo kimoja mbele yake. "Karibu, bosi. Usione aibu."

Wakacheka wote. Mimi pia, nilikuwa mlangoni nimeegemea.

Kuanzia hapo ikawa mtindo. Wanagawa, wanaweka za pembeni, na Pasi anamsukumia mwenzake kifungo. Ila Dada Vifungo alianza kunusanusa. Kulikuwa na harufu ya nguo mbichi inayopigwa pasi, ile ya mvuke unaokaribia kuunguza, na pasi imelala pale, umeme hakuna, chuma cha baridi kabisa.

"Nani amekaa hapa?" aliuliza siku moja, mkono wake juu ya ile stuli. "Ina joto."

"Bosi," alisema Pasi.

Siku hiyo hiyo vifungo vilimwishia Pasi. Kasino na Dada Vifungo walishatupa karata zao, amebaki yeye na stuli. Karata zake zilikuwa nzuri, hakutaka kuziachia. "Bosi, sina kifungo," alisema. "Naweka usingizi wangu. Nina mwingi, mke wangu ananilalamikia." Kasino, kwa kuchekesha tu, akafunua zile tatu za pembeni. Ziliungana na za katikati zikampiga Pasi vibaya. "Umefungwa na mtu asiyekuwepo," alisema Kasino, na wakacheka mpaka machozi.

Usiku ule Pasi hakulala. Wala usiku uliofuata.

Dada yangu alinijia kazini, kanga begani, anaongea chini chini kama tuko msibani. "Kaka, shemeji yako halali. Hospitali wamempa vidonge, anameza kama karanga. Anakaa kitandani macho wazi."

"Mawazo hayo. Yatapita."

"Sikiliza kwanza. Yeye yuko macho, nimemshika mkono. Na anakoroma."

"Anakoromaje yuko macho?"

"Si yeye. Kule pembeni, kwenye kiti cha nguo. Mkoromo wake ule ule, Kaka. Miaka yote nalala nao, nitaukosea? Kuna mtu anaulala usingizi wa mume wangu."

Nilikwenda kumwona karakanani. Macho yamekuwa mekundu kama pilipili, midomo imepasuka, anapitisha pasi juu ya koti jeupe, na ilipofika kwenye mkono wake wa kushoto haikusimama, ikapita juu ya vidole, na yeye akaitazama tu mpaka Dada Vifungo alipoinyakua.

Tukampeleka kwa mganga. Mzee yule hata hakutuingiza ndani. Alinusa hewa, akashika mlango. "Mmemwekea kiti," alisema. "Mgeni mliyemkaribisha wenyewe mimi simtoi. Alichokishinda mezani kitarudi mezani, au hakirudi. Na mfanye haraka, huyu mtu wenu hana wiki."

Basi mchana uliofuata umeme ulipokatika, Kasino alifunga mlango, akachanganya karata. Mimi na Dada Vifungo tulikaa pembeni. Stuli ilikuwa pale, na juu yake mkoromo unapanda na kushuka taratibu, mkoromo wa shemeji yangu, na shemeji mwenyewe ameketi ng'ambo, hakoromi wala hajafumba macho.

"Unaweka nini?" Kasino alinong'ona.

"Pumzi," alisema Pasi. "Kingine sina."

Mkoromo ukakatika.

Kasino akagawa. Pasi alipata nane mbili. Karata moja pembeni, kisha tatu katikati: mfalme, nane, nne. Harufu ya mvuke ikaanza kujaa chumba kizima, nzito, ya kunata kooni. Moja tena pembeni, katikati akaja mfalme wa pili. Moja tena pembeni, katikati ikaja karata ya mbili. Pasi alikuwa na nane tatu na wafalme wawili, karata za kumfanya mtu aimbe, lakini hakuna aliyeimba, kwa sababu zile tatu za pembeni zilianza kujiinua zenyewe, polepole, kama kucha inapita chini yake, ikafunguka ya kwanza ni mfalme, ikafunguka ya pili ni mfalme, ya tatu ni saba, na Kasino akasema, "Wafalme wanne," na hapo hapo kifua cha Pasi kikasimama, mdomo wazi, hewa haiingii wala haitoki, na mimi nataka kuinuka, mwanaume mzima, na miguu haipo.

"Ngoja," alisema Dada Vifungo. "Kasino, si ulisema kila mtu karata mbili?"

Akaonyesha stuli kwa kidole.

"Mbona huyu ana tatu?"

Kasino akazihesabu, moja, mbili, tatu. "Mwenye karata ya ziada, karata zake zote zimekufa. Amefungwa."

Kutoka kwenye stuli ikatoka sauti, ya Pasi kabisa, ya mtu aliyeamshwa vibaya. "Mlinipa wenyewe."

"Tulikuwekea," alisema Dada Vifungo, bila kurudi nyuma. "Hizo hazichezwi. Hata mimi nilichelewa kuelewa. Ondoka mezani."

Stuli ilipasuka katikati. Joto lilipita usoni mwetu kama mlango wa tanuri, mlango ukajigonga, na Pasi akavuta pumzi moja ndefu, akaangukia juu ya vifungo. Amelala.

Tulilia wote. Mimi kidogo tu.

Lakini dada yangu alinijia tena. Hakai chini, anasuka ncha ya kanga. "Analala, Kaka. Vizuri sana. Ila siujui huo usingizi."

"Usingizi ni usingizi, dada."

"Hakoromi tena. Anapiga mluzi mwembamba puani, wa mwanamke. Anaita watoto majina ambayo hatuna. Anawaambia watelemke ngazi taratibu. Nyumba yetu ina ngazi?"

Ndipo nikaelewa. Yule wa kwenye stuli alishacheza na wengine kabla yetu, na usingizi aliowashinda watu ameuchanganya pamoja kama karata. Pasi alirudishiwa uliokuwa juu, wa mtu mwingine. Wa kwake bado unakoroma mahali, na kuna mama mmoja, sijui wa wapi, anakodoa macho gizani usiku kucha.

Ndiyo maana nawaomba, haya yaishie hapa kwenye benchi langu. Msimsimulie mtu. Yule mama akisikia usingizi wake uko wapi atakuja kuudai, na ana haki, na dada yangu ndiye atakayemfungulia mlango.