Sauti ya Kuitikia Wateja

Siku ya kwanza, simu ya chumba cha mayai iliitika kabla ya kulia. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Matuu likichoma mabati, na Nthenya, mfanyakazi wa pale, alikuwa akipanga trei kwenye mashine ya kutotolea vifaranga. Akasikia sauti ya mke wa bosi nyuma yake: "Karibu, nani mwenzangu?" Aligeuka. Wamucii hakuwepo. Alikuwa ng'ambo ya ua, anaanika nguo.

Lawama zote ni za Njogu, na hapa hatafichwa. Mume huyo wa Wamucii alikuwa fundi wa kujifundisha na mbishi wa kuzaliwa. Ili wateja wa vifaranga wasingojeshwe, alinunua kijikompyuta kisichozidi kidole gumba, akakichomeka kwenye tundu la USB la ruta na kukifanya seva ya simu za intaneti. Kiliendesha simu tatu: ya kaunta, ya chumba cha mayai na ya nyumbani. Kwa vile nafasi yake ilikuwa ndogo, Njogu alifuta kila alichoona si cha lazima, hata nenosiri. Kisha akamrekodi mkewe maneno matatu, kijidude kiitike nayo papo hapo kila simu inapoingia. Wamucii ndiye aliyeanzisha nyimbo kwaya ilipoimba, na sauti yake ndiyo iliyomfanya Njogu amwoe. Hata Gathogo, ndugu yake Njogu, muuza chakula cha kuku kule Mitaboni, alipoisikia aliomba atengenezewe kijidude kama hicho hicho.

"Bosi, hiyo kitu inaitika haraka sana," Nthenya alimwambia. "Huku kwetu mtu akiitwa mara moja haitiki. Anangoja aitwe tena. Jini haiitangi mara mbili."

"Na mteja akipiga mara mbili anaenda kwa jirani. Wewe panga mayai."

Sikio la kufa halisikii dawa. Wiki ya pili Wamucii alipata mkwaruzo kooni. Jumapili alishindwa kuanzisha wimbo, akakaa chini kwa aibu. Alikunywa tangawizi, akanywa asali, na bado sauti ilizidi kupungua. Na kila siku saa saba simu ya chumba cha mayai iliitika bila kulia, kisha harufu ya udi ikajaa mle ambamo miaka yote hapakunuka ila mayai na mavi ya kuku.

Njogu alifungua laptopu kutafuta simu hizo zilitoka wapi. Hazikutoka nje. Hazikutoka kwenye simu yoyote kati ya zile tatu. Kijidude kilikuwa kinajipigia chenyewe.

"Ni hitilafu tu," alisema, lakini alisema kwa kunong'ona.

Siku ya ishirini na moja mayai yalianguliwa. Nthenya alifungua mashine, akaita watu kwa mkono, maana ulimi ulikuwa umemganda. Vifaranga mia tatu walikuwa wamesimama kwenye trei, wazima, wakavu, wa manjano, kila mmoja akifungua mdomo na kuufunga, akifungua na kufunga, na hakuna hata mmoja aliyelia, na katika ukimya ule harufu ya udi ikazidi mpaka macho yakawasha, na simu ukutani ikaitika yenyewe kwa sauti ya Wamucii, nzuri kuliko ilivyowahi kuwa, ikasema yale maneno matatu, kisha ikaendelea na maneno ambayo hakuna mtu aliyeyarekodi: "Ingia. Ingia tu. Mwenye nyumba ameshaitika." Wamucii alikuwa mlangoni, mkono kooni, anapiga yowe lisilosikika.

Njogu alikimbia akakichomoa kijidude. Simu zikanyamaza. Mkewe naye akabaki bubu.

Ndipo Njogu, ingawa alikuwa mzee wa kanisa, alipokubali kumpeleka kwa Nzisa, mganga wa upande wa Mwala, mama mkali asiyependa hadithi ndefu.

"Nani aliitika?" Nzisa aliuliza.

"Hakuna mtu, mama. Ni mashine."

"Kwa sauti ya nani?"

Njogu akamwonyesha mkewe kwa kidole.

Nzisa alimkalisha Wamucii kwenye moshi wa majani machungu, akamwekea kile kijidude mkononi. "Mama, kataa. Sema 'sikuitika' mara tatu. Hakuna mtu atakusemea."

Mara ya kwanza ilicheza midomo tu. Ya pili ukatoka mnong'ono, na jasho likamtiririka. Ya tatu sauti yake ikatoka nzima, kubwa, mbuzi wa Nzisa wakashtuka uani. Njogu alilia kama mtoto. Nzisa alikipondaponda kijidude kwa jiwe, akamkazia macho.

"Sasa hiyo sauti isibaki mahali pengine. Hata moja."

Furaha ilimtoka Njogu usoni. "Niko na nyingine," alisema polepole. "Nilifanya nakala. Nilimtumia Gathogo juzi."

"Mwambie ang'oe!" Wamucii alipaza sauti. "Mpigie sasa hivi!"

Njogu alipiga simu ya dukani Mitaboni. Haikulia.

"Karibu, nani mwenzangu?"

Wamucii aliruka kumwambia akate. Kinywa chake kilifunguka, kikafungika, kikafunguka tena, kama wale vifaranga, na hakuna kilichotoka. Ile sauti ikaita mara moja, taratibu, jinsi mkewe alivyomwita tangu siku za uchumba wao: "Njogu."

"Ee?" Njogu akaitika.