Bi Mgeni na Sabuni ya Udhu

Bi Mgeni alikuwa mke mdogo wa Mzee Mwinyijuma, mkulima wa minazi wa Bagamoyo. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na minane. Mke mkubwa, Bi Adila, alimzidi miaka minne. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake, na mzee alilala kwao kwa zamu.

Siku moja wake hao wawili walikwenda kwenye maulidi ya wanawake. Msichana mmoja kutoka Miono aliwapokea mlangoni. Alimwamkia Bi Adila, kisha akamgeukia Bi Mgeni.

"Shikamoo bibi. Huyu ni binti yako?"

Wanawake waliangua kicheko. Bi Mgeni naye alicheka, lakini moyo ulimwaka.

Alipofika nyumbani alijitazama. Uso ulikuwa mkavu. Miguu ilikuwa myeupe kama iliyonyunyiziwa unga. Kwenye muundi ngozi ilikuwa imepasuka, na maji ya udhu yalipogusa pale yalimchoma.

"Mzee anamnunulia yule mafuta ya ghali," aliwaza. "Mimi ananificha."

Alasiri hiyo hakujua amesali rakaa ngapi. Mawazo yake yote yalikuwa kwenye makopo ya mwenzake.

Kesho yake alikwenda kwa Bi Adila kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Akaomba kuingia bafuni. Humo alipekua kila pembe. Aliona sabuni ya watoto, mafuta mgando, na chupa ya mafuta ya nazi. Basi. Akainama kuchungulia nyuma ya ndoo.

"Umepoteza nini humo?" Bi Adila alikuwa amesimama mlangoni.

"Natafuta maji, dada."

"Maji yamo ndani ya ndoo, mwenzangu. Nyuma yake kuna mende tu."

Bi Mgeni aliona haya. Machozi yakamtoka. "Niambie kweli. Mzee anakununulia nini?"

"Mzee yupi? Huyu ambaye hata chumvi namkumbusha mara tatu?" Bi Adila alicheka, kisha akauona ule mguu. "Unaogea nini?"

"Sabuni ya kufulia, na maji ya moto. Na kila nikitaka kutawadha nasugua kwanza kwa sabuni hiyo. Natoa mafuta, maji yafike kwenye ngozi."

"Mara tano kwa siku? Maskini, unajifua kama shuka!"

"Sasa udhu utaswihi vipi?"

"Hata mimi nilikuwa na hofu hiyo, nikamuuliza ustadhi. Mafuta kidogo yaliyozama kwenye ngozi hayazuii maji. Kinachozuia ni kitu kizito kilichoganda juu, kama rangi ya kucha."

"Na mambo ya ngozi nani kakufunza?"

"Nesi Dija wa zahanati. Ngozi ya mtu mzima haina mafuta mengi. Sabuni kali na maji ya moto huyamaliza hata hayo machache. Oga kwa maji ya vuguvugu, usikae sana. Sabuni laini itie kwapani na penye uchafu. Jifute polepole, usisugue. Ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta papo hapo."

"Na uso? Chalinze wanauza kopo, eti unang'aa kwa siku saba."

"Lina jina? Limeandikwa vilivyomo?"

"Halina."

"Liache hukohuko, litakuchubua. Uso uoshe taratibu, upake mafuta kidogo. Ukienda shamba, vaa kofia pana juu ya mtandio, maana jua huzeesha ngozi. Mikunjo itabaki, mwenzangu, tumekula chumvi. Ila hutawashwa. Na huo mguu twende kwa nesi leo. Kidonda hakingojewi."

Walikwenda. Nesi Dija alikisafisha kidonda, akampima sukari. Ilikuwa sawa.

Bi Mgeni alifuata yote, ingawa siku za mwanzo aliona uchungu kufundishwa na mke mwenzake. Wiki ya tatu kidonda kilifunga. Muwasho ulikwisha. Alitawadha bila kukunja uso, na akamshukuru Mungu kwa sijida ndefu.

Zamu yake ilipofika, Mzee Mwinyijuma alimtazama.

"Siku hizi umependeza, mke wangu."

"Kuliko mwenzangu?"

Mzee alikohoa. Akachukua kofia yake.

"Ngoja niwahi msikitini," akasema.

"Adhana bado, mzee!" Bi Mgeni alimpigia kelele, huku akicheka.

Lakini mzee alikwisha fika barabarani.